Tumbaku Iliyobaki Mezani

Mara tatu Bibi Isabelle alikuja na tumbaku iliyofungwa kwa kitambaa chekundu, na mara tatu mdogo wake, Bibi Agathe aliyenilea, hakuigusa. Kwetu sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, ukipokea tumbaku ya mtu huna budi kumjibu. Ukiiacha mezani, hujaulizwa kitu.

Swali tulilijua. Madaktari walikuwa wamempa Bibi Isabelle miezi miwili. Alitaka jina alilopewa na mama yao kabla masista wa shule hawajamwita Isabelle, ili wafu wakimwita ajue ni yeye. Alichukuliwa kwenda shule yao ya bweni akiwa na miaka mitano, na huko lugha yetu ilikatazwa. Lugha yote ilimtoka, na jina likaenda nayo.

Nami nilikuwa nalo. Tulikuwa tunaandika kamusi: Bibi Agathe anasema neno, mimi naandika maana yake kwa Kiingereza. Kila neno na kadi yake, na jina hilo lilikuwa mojawapo.

Mara ya nne, Bibi alimtengea sahani yenye kipande cha sabuni ya kufulia.

"Karibu, dada. Leo nimekupikia."

"Agathe, tulikuwa watoto."

"Mtoto nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa kiranja. Niliomba maji kwa lugha ya mama, ukakimbilia kwa masista kama umeona moto. Waliponilisha sabuni, nani alinishika taya?"

"Mimi."

"Basi kula. Au meno ya kununua hayawezi?"

"Bibi, acha," nikasema.

"Wewe andika maneno yako."

Bibi Isabelle akauma. Akatafuna polepole, povu likimchuruzika kidevuni, akameza. Kisha akaisogeza tumbaku kwa vidole viwili.

"Sasa niambie."

Bibi akaisukuma irudi kwa ncha ya kisu.

"Nilisema ule. Nilisema nitapokea?"

Nikainuka, mkono ukiwa tayari kwenye sanduku la kadi.

"Mpe," Bibi akaniambia, "halafu kamusi ukamalizie kwa Wazungu. Kwangu hupati hata neno la mbwa."

Alikuwa na maneno mengi ambayo mtu mwingine yeyote aliye hai hakuwa nayo. Nikakaa. Bibi Isabelle aliniona nikikaa. Akafuta mdomo kwa kile kitambaa chekundu, tumbaku ikimwagika mezani, akatoka.

Tulimzika Bibi Isabelle ziwa likianza kuganda. Bibi hakwenda makaburini. Niliporudi nilimkuta ameketi mezani, kadi zimepangwa.

"Tulikuwa herufi gani?"

Kamusi ilitoka theluji ilipoyeyuka. Jina lipo ukurasa wa mia na nne, yeyote anaweza kulisoma: *piyesis*, na mbele yake, kwa Kiingereza, ndege mdogo. Mfano wa matumizi aliutunga Bibi mwenyewe, nami niliuandika bila kubadili neno:

Piyesis, njoo nyumbani, mama anakuita.