Nembo za Mama Maria

Bibi Yolanda alikuwa na mahali pake kanisani: benchi la mwisho kabisa, jirani na mlango, kitambaa cha kichwa kimevutwa hadi kwenye nyusi. Usoni alikuwa na nembo, zile chale za Kimakonde alizochanjwa alipokuwa mwali huko Msumbiji, kabla hajavuka Ruvuma. Alichanjwa kwa fahari. Kisha mwalimu mmoja wa dini, Mungu amsamehe, akamwambia kwamba ni alama za shetani. Tangu hapo bibi huyu, ambaye humfokea hata mwenyekiti wa kijiji, akawa anaingia kanisani kama mwizi.

Sasa mjukuu wake Celia alikuwa anakaribia Komunyo ya Kwanza, na kila mtoto alitakiwa asindikizwe na mzazi hadi mbele ya altare. Celia hakuwa na mwingine ila yeye. Bibi akasingizia magoti. Mtoto akaenda zake kwenye darasa la Komunyo uso umemshuka, na Bibi roho ikamuuma kutwa nzima.

Mwalimu wao wa sasa, Rosalina, ana mtindo wake: huuliza zaidi kuliko anavyofundisha. Siku hiyo aliwapa udongo wa mfinyanzi, akawaambia wamfinyange Mama Maria kwa kadiri wanavyomjua mama. Celia akamchora wake nembo kwa mwiba. Wenzake wakacheka: Mama wa Mungu gani huyo mwenye chale? Rosalina hakuwakaripia. Aliwauliza ni nani kati yao aliyewahi kumwona. Kisha akawaongoza hadi kwa mtu anayezijua nembo awafundishe.

Bibi alikuwa uani anamenya mihogo alipoona darasa zima linaingia. Celia akamwekea sanamu mapajani. Bibi akaigeuza kuelekea mwangani. Alihisi machozi yanakuja, akajitia kukasirika.

“Umekosea,” alisema. “Huu mstari wa shavuni unaanzia huku, sikioni. Nipe huo mwiba.”

Akachora polepole, huku akiwasimulia jinsi mama yake alivyomshika kichwa asitikisike siku ya kuchanjwa. Watoto wakasogea. Rosalina naye akaketi chini pamoja nao.

“Mwalimu,” Bibi aliuliza bila kuinua macho, “na huyu ataingia kanisani?”

“Akiingia na wewe, Bibi.”

Jumapili Bibi Yolanda alitembea hadi mbele, kamshika Celia mkono. Magoti hayakumsumbua hata kidogo, na kitambaa alikuwa amekifunga kiunoni.