Matone na Ugoro

Mume wangu ni fundi viatu, na tangu nimjue alikuwa mtu wa ugoro. Ananusa, anapiga chafya ya kurusha misumari mezani, halafu anamwambia mteja, "Tuendelee!" Kila chafya, tuendelee. Mtaa mzima ukampa jina hilohilo, naye akawa anaitika.

Kiharusi kilimpiga kiatu kikiwa mkononi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi nao ukalala. Watu walikuja kutoa pole, wakanikuta nimekaa tu, macho makavu, wakanong'onezana kwamba nina roho ngumu. Roho ngumu wapi! Mgonjwa alikuwa yeye, aliyekufa ganzi ni mimi.

Daktari akatupa matone ya puani, dawa ambayo bado inajaribiwa. Alinieleza kwa lugha ya binadamu: ubongo una ukuta wake, na dawa nyingi, umeze au uchomwe sindano, zikifika pale zinakwama. Lakini juu kabisa ya pua kuna kijia cha kupenyea, bila kisu wala kutoboa fuvu. Mgonjwa alale, kichwa kining'inie ukingoni mwa kitanda, dawa idondoke, kisha atulie. Asipige chafya. Ugoro marufuku.

"Na wiki hizi za mwanzo ndizo za kuusaidia ulimi," alisema. "Zikipita, sikudanganyi mama, huenda akabaki hivyo hivyo."

Nikawa naweka matone mchana, kisha nakwenda kibandani kuwarudishia watu viatu vyao. Nyumbani alibaki wifi yangu, dada wa mgonjwa. Tunamwita Redio, na hazimwi.

Siku moja nikarudi mapema. Niko mlangoni navua viatu, nikasikia chafya, halafu sauti ya mume wangu, nzima, vile vile kama zamani: "Tuendelee!"

Mkoba ukanidondoka. Nikasubiri furaha ije. Haikuja.

Ndani, Redio alikuwa anacheka huku analia, kikopo cha ugoro kipo mapajani. "Wifi! Umemsikia? Anaongea! Kichwa kilikuwa kimeziba tu, na nyie mnazidi kumjaza maji!"

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Ukitoka tu, nampa kidogo. Nilitaka nikushtukize."

Nikitoka tu. Yaani dawa haijakaa puani, inaishia kwenye leso.

"Hebu mpe tena," nikasema. Nisiwe mnafiki, nilitaka kumsikia.

Akampa. Chafya. "Tuendelee!"

Safari hii nilimtazama usoni. Neno lilimtoka kama kwikwi, na mwenyewe akashtuka, akageuza macho kumtafuta aliyesema.

"Tuendelee na nini, fundi?" nikamuuliza.

Akafungua kinywa, akafunga. Hakikutoka kitu. Akageukia ukutani.

"Wifi, huyo siye anayesema," nikamwambia. "Hiyo ni chafya."

Ugoro niliumwaga chooni. Redio akasusa, eti nina wivu kwa kuwa kaka yake amefunguka mikononi mwake. Sikuwa na nguvu za kugombana. Nikamwambia aende zake mpaka nimwite. Daktari naye alinisikiliza, akakuna kichwa, akasema yaliyopotea yamepotea, tumalizie yaliyobaki.

Nikafunga kibanda, nikakaa naye mwenyewe. Kichwa ukingoni, tone, kimya. Kichwa ukingoni, tone, kimya. Sikuomba kitu tena, sikutegemea kitu. Nilidondosha tu.

Chupa ikiwa inaelekea kuisha, nilimlaza kama kawaida, nikamaliza tundu la kwanza. Nilipohamia la pili, mkono wake mzima, wa kushoto, ukanishika mkono. Hakupiga chafya. Midomo ilihangaika, jasho likamtoka, na neno likaja polepole, limepinda, kwa sauti nisiyoijua.

"Ba... si."

Tangu anioe sijawahi kumsikia akisema basi, hata kwa kiatu kilichokwisha kabisa. Macho yalikuwa yananitazama mimi. Yamechoka, na yanajua yanachokisema. Nikalia kwa sauti, kilio cha wiki zote zile.

"Nimekusikia, mume wangu. Nimekusikia." Nikajifuta makamasi kwa kiganja. "Limebaki tundu moja tu. Tuendelee."

Nikangoja aniachie mkono.