Pete ya Kandambili

Usijifanye hujui. Ulipita pale chuoni Kumasi, ukaona wanafunzi wa uhandisi wakikariri majibu ya mitihani ya zamani, ukainamia simu yako.

Madamu Enyonam hakuinamia kitu. Miaka kumi na moja amewafundisha kukabili tatizo ambalo jibu lake halimo kitabuni. Safari hii mtihani wake wa vitendo ulikuwa pampu ya mkono ya bwenini, iliyokufa tangu Pasaka.

"Itoesheni maji kwa chochote mtakachookota. Mna masaa matatu."

Wengi waliandika orodha ya vipuri vya kuagiza Accra. Kwabla, aliyekwisha kufeli mara mbili na ya tatu ni kufukuzwa, alivua kandambili, akakata pete kwenye soli, akaipaka mawese, akaibana ndani ya pampu mahali pa ile iliyochakaa.

"Ee, fundi viatu! Pampu inakwenda harusini?"

Maji yakaruka. Waliokuwa wakicheka wakakimbilia ndoo.

Jumatatu, Profesa Ofosuhene, mkuu wa mitihani, alifungua bahasha ya mwongozo wa kusahihisha mbele ya kikao.

"Humu mmeandikwa nini, Madamu?"

"Pete ya ngozi."

"Kijana kaweka nini?"

"Mpira wa kandambili, Prof. Lakini maji yametoka."

"Nimekuuliza maji? Sifuri."

Na mwongozo ule aliuandika nani? Madamu mwenyewe. Bahasha hufungwa miezi mitatu kabla ya mtihani, na kisanduku cha jibu hakiachwi kitupu. Akajaza pete ya ngozi ili apate mhuri tu, akidhani watu watasahihisha kwa akili zao. Utaratibu huohuo ulimwangusha mwanafunzi mwingine, Mawuena, miaka sita iliyopita. Leo anauza vocha stendi. Hukumsikia? Ulimsikia.

Kwabla alimngoja Madamu mlangoni.

"Madamu, maji si yanatoka?"

"Yanatoka, mwanangu."

"Basi nimekosea wapi?"

 

Madamu amegonga kila mlango tangu siku ile. Kote anaambiwa mtunga mtihani hawezi kupinga mwongozo wake. Rufaa hupokelewa kwa sahihi tano za waliohitimu pale. Ijumaa saa nne baraza linamfuta Kwabla. Leo Alhamisi, na karatasi ya rufaa iliyo mezani kwa msajili haina jina hata moja.

Wewe ulihitimu pale. Weka hicho kijiko chini, nenda kaandike jina lako. Sasa hivi.