Amplifaya Mbili za Vahwere

Katika duka la Vahwere, pale mtaani Nyakasanza, amplifaya haijaribiwi kwa muziki wa redio. Mteja huja na rekodi ya kwaya ya parokia yake, kwa sababu humo anazijua sauti zote. Vahwere huunganisha amplifaya mbili kwenye spika zilezile, kisha hugeuza swichi: ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Mteja huchukua ile inayomsikizisha watu wake vizuri zaidi.

Asubuhi moja alikuja Hubert, mwenye boti za abiria kule Tchomia, kando ya ziwa, akitafuta amplifaya ya sebule yake mpya. Alileta Misa ya Pasaka ya kwaya ya Tchomia. Mke wake Régine alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani.

Amplifaya ya kwanza, nyeusi na mpya, iliimba kwa adabu. Besi ilikuwa nzito, ngoma zilitulia, na juu ya tenori zote ilipanda sauti ya Louis, aliyezama mwaka jana na boti ya Hubert.

Vahwere akageuza swichi. Ya pili ilikuwa kuukuu, ya rangi ya fedha, iliyofika kutoka Mahagi juu ya lori. Kwaya ikaendelea, ila Louis akaacha kuimba.

“Papa Hubert,” akasema, “tulikuambia boti imejaa. Weye ukasema tuingie tu. Na gilets, zile koti za kuelea, ulizifungia mu depo na kufuli, ati batu wataziiba.”

Msibani Hubert alikuwa amesema ni upepo uliozamisha boti, na padri akaurudia upepo huo katika mahubiri. Sasa Hubert aliinamisha kichwa kama mnunuzi yeyote makini.

“Hii iko na medium mingi, sauti za katikati,” akasema.

“Iko inatoa kila kitu,” Vahwere akakubali. “Ile ingine inatoa tu rekodi yenye ulileta.”

Mama Bernadette, anayeuza samaki wa moshi mlango wa pili, aliitambua sauti ya mwanawe. Akaingia akifuta mikono kwenye kitenge, akasalimia wote.

“Mama, unakula?” Louis akauliza.

“Ninakula, mutoto wangu. Maliza kusema.”

“Ninamaliza. Inabakia tu neno moja.”

Sauti ya Louis ikamgeukia Hubert. “Unasikia, papa? Sema tu mbele ya batu, mu kanisa, kwamba haikukuwa upepo. Siombi kingine.”

Régine alichunguza zipu ya mkoba wake. Hubert akasema mashine ni ya zamani, fundi ataiangalia. Inauma kusema, lakini hakuna aliyebisha. Duka zima lilimwamini Louis, na duka zima bado linapanda boti za Hubert.

Hubert alinunua zote mbili. Ile ya fedha inawaka daima sebuleni kwake, sauti imeshushwa hadi mwisho, juu yake Régine ametandika kitambaa cha kufuma. Jumapili baada ya misa Mama Bernadette huja kukaa karibu nayo. Hubert hamkatazi, humfungulia soda kwa mkono wake mwenyewe. Mama huweka kiganja juu ya kitambaa, mahali penye joto, na ile nyeusi huimba Pasaka.

Padri, kwenye kochi, husifu tenori.

“Huyu mutoto alikuwa na sauti,” Hubert humjibu. “Ule upepo ulituonea kabisa.”