Vitanda Vinane vya Bwawani

Clive Pargeter alikwenda Krete kupumzika, na tangu azaliwe hakuwahi kuchoka namna ile. Fleti za Stelios zilikuwa kumi, kila moja na jiko lake dogo la kupikia chai na mayai, lakini bwawani palikuwa na vitanda vinane tu vya kuotea jua. Hesabu hiyo ilimkosesha raha. Siku ya kwanza, mzee huyu aliyekuwa mkaguzi wa shule miaka thelathini alidamka saa kumi na mbili, akatandaza taulo mbili za bluu juu ya vitanda viwili, akarudi kulala. Siku ya pili akakuta Detlef, Mjerumani wa fleti namba nne, keshamtangulia na taulo zake nyekundu. Siku ya tatu Clive akatoka saa kumi na moja unusu. Siku ya nne akatoka saa kumi na moja kamili, amevaa soksi ili asisikike, akakutana uso kwa uso na Detlef kwenye ngazi. Detlef alikuwa peku.

"Umeamkaje?" wakasalimiana, meno nje, macho makavu.

Mkewe, Glenys, alimcheka. "Bahari iko hapo chini, hatua mia mbili. Wewe unapigania beseni."

"Si maji, Glenys. Ni haki."

"Haki ya kulalia plastiki? Haya, linda shamba lako. Mimi na mke wa Detlef tunakwenda kuogelea."

Siku ya tano mfanya usafi aliteguka mguu, Stelios akamleta mama yake kutoka kijijini mlimani amshikie kazi. Bi Argyro hakuwahi kukaa hotelini hata siku moja. Alfajiri alishuka uani akaona taulo nane zimetupwa juu ya vitanda, na mtu hayupo. Akasikitika. Watu wazima, wamepanda ndege, na kufua hawajui! Akazizoa zote, akazitia kwenye mashine pamoja na mashuka, akamimina dawa ya kung'arishia nguo bila uchoyo.

Saa tatu Clive aliteremka na gazeti lake kwapani. Wageni walikuwa wamesimama uani kama waliofiwa. Kwenye kamba zilining'inia taulo nane, zote rangi moja, rangi ya uji uliopoa.

"Hii yangu," Clive akadaka moja.

"Yako ilikuwa bluu, bwana. Hii ina wekundu kwa mbali," Detlef akashika ncha ya pili.

"Wekundu uko machoni mwako, hulali!"

"Na wewe unalala?"

Wakavutana. Bi Argyro akatoka na kapu lake, akawatazama, akasema maneno mengi kwa Kigiriki.

"Mama anasemaje?" Clive akauliza.

"Anasema karibuni sana," Stelios akajibu, masikio yamemwiva.

"Maneno yote yale, karibuni tu?"

"Na anauliza..." Stelios akameza mate. "Anauliza kama huko kwenu mna mtu mzima wa kuwaangalia."

Taulo ikachanika katikati.

Kesho yake alfajiri Clive na Detlef wakafika uani kwa pamoja, wakakuta vitanda karibu vyote vimefunikwa kwa tini mbichi. Bi Argyro alikuwa ameviona vinafaa kuanikia: viko juu, na upepo unapita chini. Aliketi chini ya taa, akipasua tini nyingine.

"Bibi, hivi ni vya wageni!" Clive akafoka.

Bi Argyro hakuelewa neno. Kwake, mtu anayekuja uani saa kumi na moja alfajiri anatafuta kazi. Akampa kisu. Detlef naye akapewa chake. Clive hakujua kukataa kwa Kigiriki, basi akaketi. Alipokata tini mpaka ikaachana vipande viwili, akachapwa kofi mkononi. Ya Detlef ilitazamwa, kikongwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Clive aliumia mpaka moyoni.

Siku ya kuondoka Glenys alipanda kutoka pwani, nywele zinachuruzika.

"Ndege saa tisa, mume wangu. Njoo basi uione bahari, hata kwa macho."

"Subiri kwanza," Clive akasema bila kuinua kichwa, vidole vinanata. "Detlef kamaliza vitanda vitatu. Mimi viwili na nusu."

Glenys akachagua tini moja nono kutoka upande wa Detlef, akaila, akaenda kufunga mizigo.