Nakala ya Prisca

Jumatatu hiyo Mwamvita alikuwa ameshakasirika kabla hata ya saa tatu asubuhi. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili kompyuta yake kugoma kuiona printa. Alifungua ripoti ya maji, akabonyeza, akasubiri, na pale chini ya kioo yakatokea maneno yale yale: printa haipatikani. Na printa yenyewe ilikuwa koridoni, hatua kumi na mbili kutoka mezani pake, kubwa kama friji ya muuza soda, taa yake ya kijani ikiwaka bila wasiwasi.

"Haipatikani wapi na ile pale naiona?" alisema kwa sauti.

Hakuna aliyecheka. Zamani wangecheka wote. Erick, mchora ramani wa ofisi, angesema neno la kuchekesha zaidi. Sasa alijikuna sikio tu akaendelea na kazi yake.

Ilikuwa hivyo kwa miezi minne, tangu meza iliyotazamana na ya Mwamvita ilipobaki tupu.

Ofisi yao, ya Mradi wa Chemchemi, ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na stendi ya Msamvu. Watu tisa, pamoja na dereva. Walikuwa wakilinda vyanzo vya maji vya milima ya Uluguru na kuwavutia watu wa vijijini mabomba. Mwamvita, mwenyeji wa Matombo, alitunza kumbukumbu za mradi kwa mwaka wa kumi sasa. Meza ile tupu ilikuwa ya Prisca, afisa jamii, aliyetoka Njombe na begi moja. Hakuwa na ndugu Morogoro. Mwamvita alimchukua nyumbani kwake, akakaa miezi miwili mpaka alipopata chumba. Tangu hapo walikuwa ndugu. Prisca alikuja kula Idi kwa Mwamvita, na Krismasi Mwamvita alimpelekea mbuzi wa kuchoma.

Prisca alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Alipopata ya tatu alimwambia mtu mmoja tu, Mwamvita, ndani ya stoo ya mafaili, mlango ukiwa umefungwa. Daktari alimkataza kupanda milima. Prisca akaandika barua ya kuomba apangiwe kazi za mjini, akaambatanisha karatasi ya kliniki, akaiprinti na kuitia mkobani. Alipanga kuikabidhi barua hiyo mimba ikifika miezi mitatu, maana kabla ya hapo aliogopa hata kuitaja mimba.

Hakuwahi kuikabidhi. Meneja wao, Bwana Ignas, alimwita akamwambia mkataba wake unaoisha mwisho wa mwezi hautaongezwa. Kisha akatabasamu. "Milima hii haimfai mtu wa hali yako. Nenda ukatulie, ulee tumbo."

Prisca alitoka mle ndani akasimama katikati ya chumba mbele ya wote.

"Mama Shadya," alimwambia Mwamvita, "nilikupa siri ya tumbo langu, ukaenda kuimwaga kwa mwanaume. Mungu anakuona."

Mwamvita aliapa. Aliapa kwa mwanawe, aliapa kwa mama yake aliyelala kaburini Matombo. Prisca alikusanya vitu vyake akaondoka. Toka siku hiyo Mwamvita akiingia mahali watu wanaongea, maongezi yanakatika. Alipika chai, hawakuinywa. Simu alizompigia Prisca hazikupokelewa. Nyumbani alikuwa akijiuliza mpaka kichwa kinamuuma: kama si mimi, ni nani?

Asubuhi hiyo basi, dereva wao Mikidadi alikuwa chini anasubiri ripoti. Kulikuwa na mkutano wa kijiji huko juu milimani saa nane mchana, na wanakijiji walikuwa wanataka kuyaona majibu ya vipimo vya maji yao kwa macho yao. Mwamvita akampigia Luqmani, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, Mama Shadya," Luqmani alisema kwa sauti ya chini. Nyuma yake watu walikuwa wanalia. "Niko Ngerengere, msibani. Tunamzika mjomba."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Nisingekusumbua, lakini printa imenikataa tena na gari linasubiri."

"Haina shida. Ifute kwenye kompyuta yako, halafu uiongeze upya. Itakuuliza anwani ya printa, zile namba zenye nukta nukta. Nenda kwenye printa yenyewe, bonyeza mipangilio, uingie kwenye mtandao, utaziona."

Mwamvita akaenda koridoni na simu sikioni. Akabonyeza. "Inataka namba ya siri."

"Weka mbili, tano, nane, sifuri," Luqmani alisema haraka haraka, maana mtu alikuwa anamwita. "Ngoja kidogo, Mama Shadya, usikate."

Akamwacha kwenye simu. Mwamvita akaweka namba, kioo kikafunguka, na kidole chake, ambacho hakikuzoea vioo vya kugusa, kikaangukia mstari wa chini yake. Badala ya mtandao ikafunguka orodha.

Mwanzoni hakuelewa anachokiona. Kulikuwa na majina yao. Kila jina na hati, tarehe na saa. Erick, maombi ya kazi. Hosiana, shauri la talaka. Mwamvita, rufaa ya macho ya Shadya. Mwishoni mwa kila mstari kulikuwa na neno moja, imetumwa, na mbele yake barua pepe ya Bwana Ignas. Kila karatasi waliyoprinti tangu mashine hii iletwe mwezi Januari, mashine ilibakiza nakala, na nakala ikaenda kwa meneja.

Akasogeza orodha kwa kidole. Aprili. Machi. Tarehe kumi na nne Machi, saa tano na dakika nane: Prisca, ombi la kazi za mjini. Imetumwa.

Miezi minne! Miezi minne ameitwa mmbea kwa macho, ametengwa kama mwenye upele, na kila siku Bwana Ignas amepita pale mezani akimwambia "Habari za asubuhi, Mama Shadya" huku anajua. Alijua! Aliwaona watu wakimsusia chai, akanyamaza. Angeweza kuifungua ile barua palepale. Hakuifungua. Ilikuwa ya Prisca.

"Mama Shadya, umeiona anwani?" Luqmani alikuwa amerudi kwenye simu.

"Nimeona nakala."

Sauti za waombolezaji zilisikika wazi zaidi.

"Ni nani aliyeipanga hivi, Luqmani?"

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Bosi aliniambia ni kwa ajili ya kubana matumizi ya karatasi. Nilimwambia si vizuri. Akasema nikitaka kazi nifanye."

"Ukanitazama wewe! Ukakaa pale siku ile Prisca ananivua nguo mbele za watu, ukanitazama!"

"Nisamehe, Mama Shadya."

"Nenda kazike," Mwamvita alisema, akakata simu.

Alitamani kuipiga ile mashine teke. Akakumbuka watu wa kijijini wanaosubiri majibu ya maji yao. Akatafuta ukurasa wa mtandao, akaandika zile namba kwenye kiganja cha mkono, akarudi mezani. Alifuta, akaongeza, akaandika anwani, na safari hii printa ikaitika. Ripoti ilitoka kurasa sita. Alimpelekea Mikidadi garini akamwambia endesha taratibu, mvua imenyesha juu. Kisha akapanda ngazi, akasimama tena mbele ya kioo, akairudia ile orodha, akabonyeza kuprinti nakala tisa.

Alijua kwamba na hiyo orodha itatumwa kwa Bwana Ignas. Naye apate yake.

Mashine ilianza kutema karatasi, moja baada ya nyingine, na Mwamvita akazipokea zikiwa bado za moto. Alipita meza kwa meza. Aliweka karatasi na kuondoka, aliweka na kuondoka. Hosiana, mpokea wageni, alisoma mistari mitatu akashika mdomo. Erick alisimama mpaka kiti chake kikaanguka nyuma.

"Maombi yangu ya kazi," alisema. "Ndiyo maana aliniambia nisidhani hajui ninakotaka kwenda."

Mlango wa meneja ukafunguliwa kwa nguvu. Bwana Ignas alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililonyooshwa vizuri na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Simu yake ilikuwa mkononi, bado inawaka.

"Nani amekuruhusu kuingia kwenye mfumo wa ofisi?"

"Nani alikuruhusu wewe kuingia kwenye tumbo la mtu?" Mwamvita alijibu.

"Chunga mdomo wako. Mashine ni ya ofisi, karatasi ni za ofisi, wino ni wa ofisi. Nina haki ya kujua kinachochapwa hapa."

"Na mimba ya Prisca nayo ya ofisi? Macho ya mwanangu ya ofisi? Ndoa ya Hosiana?" Alikuwa amemsogelea, na hakuwa mrefu, akawa anamwangalia kwa kuinua kidevu. "Ulisoma barua ambayo mwenyewe hajakupa, ukamnyima mkataba kwa sababu ana mimba, ukaniacha mimi nibebe lawama. Kila asubuhi ulinisalimia, Bwana Ignas! Ulinisalimia!"

"Nenda nyumbani. Umefukuzwa."

"Nifukuze kwa barua," Mwamvita alisema. "Iprinti hapa, mbele yetu. Tunataka kuiona inavyotoka."

Bwana Ignas alitazama nyuso zilizomzunguka. Erick alikuwa amekunja ngumi. Hosiana alikuwa analia bila kujifuta, akimtazama usoni. Meneja akarudi chumbani kwake na kufunga mlango polepole. Barua haikuandikwa.

Mchana huo Mwamvita alipanda pikipiki mpaka Kihonda, anakoishi Prisca. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake ndani ya mtandio. Alifikiri atafurahi. Alifikiri atakapofika moyo utakuwa mweupe. Lakini kadiri pikipiki ilivyokaribia, hasira ilizidi, na sasa haikuwa ya Ignas peke yake.

Prisca alikuwa kibarazani, tumbo kubwa, miguu imevimba, anachambua mchele. Alimwona akaweka ungo chini.

"Umefuata nini kwangu?"

Mwamvita alimpa karatasi, kidole kikiwa juu ya mstari. Prisca alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Tarehe kumi na nne Machi, saa tano na dakika nane.

"Hii ni nini?"

"Ni printa. Kila tulichoprinti kilikuwa kinakwenda kwake. Barua yako aliipata kabla hujaitia mkobani."

Prisca aliiweka karatasi mapajani. Machozi yakaanza kumtoka. "Mungu wangu. Mama Shadya, nisamehe. Nisamehe mimi."

"Sijaja kusamehe!" Mwamvita mwenyewe alishtuka kwa sauti yake. Jirani aliyekuwa anafua aligeuka. "Uliishi nyumbani kwangu. Ulilala kitanda kimoja na mwanangu. Ulipoharibikiwa ile ya pili nani aliosha nguo zako? Hukuniuliza, Prisca. Hukuniuliza hata swali moja. Ulisimama ukanihukumu mbele za watu, simu zangu ukazikataa. Yule mwanaume ni mwizi, nimemjua. Lakini wewe ulikuwa unanijua mimi."

"Ningemfikiria nani? Nilikuwa nimekuambia wewe peke yako."

"Ungeniuliza."

Prisca alijaribu kunyanyuka, akashindwa, akashika ukuta. Mwamvita akamshika mkono akamwinua, kwa ukali, kama anavyomwinua Shadya akianguka, akamwingiza ndani, akamkalisha na kumwekea mto chini ya miguu. Akamalizia kuchambua mchele, akaubandika jikoni. Wali ulipoiva aliupakua kwa mtu mmoja, akafunga mtandio wake, akaondoka.

Bodi ya mradi, ilipopelekewa orodha ile, ilituma watu wawili kutoka Dar es Salaam juma lililofuata. Luqmani aliwaeleza kila kitu, hakujificha, na Bwana Ignas aliondolewa kabla ya mwezi kwisha. Prisca alipeleka malalamiko yake kwenye usuluhishi wa kazi, na Mwamvita akaenda kutoa ushahidi. Alieleza alichokiona kwenye kioo cha mashine, tarehe na saa, bila kuongeza wala kupunguza. Wasuluhishi waliamua kwamba Prisca aliachishwa kwa uonevu, na kwamba arudi kazini akishajifungua.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, mwezi wa Septemba. Mwamvita alipeleka uji na khanga mbili, akampakata mtoto, akamwombea dua. Prisca alimwuliza kama bado ana hasira.

"Ninazo," Mwamvita alisema, na akaendelea kumtikisa mtoto taratibu ili alale.