Saa ya Kupanda Seongsan

Mkahawa wangu wa uji uko chini kabisa ya mlima, pale wageni wanaposhuka kwenye mabasi na kuuliza ni dakika ngapi mpaka juu. Huwajibu nusu saa, kwa mtu anayetembea. Ngazi zinaonekana kutoka dirishani kwangu zikipanda hadi ukingo wa kasoko, shimo la volkeno lililo kileleni, na sisi tuliozaliwa Seongsan tumezipanda tangu tukiwa watoto. Safari yenyewe ni fupi mno. Haikustahili mwezi mzima wa mipango.

Sisi wa darasa moja la shule ya msingi tulikuwa tunatimiza miaka sitini ya kuzaliwa. Watu kumi na wawili walikubali kuja, wengine kutoka Busan na Seoul. Tungepanda alfajiri, tupige picha jua likichomoza, tushuke tule uji kwangu. Geum-hee, mwalimu wa michezo aliyestaafu, alijifanya mwenyekiti na hakuna aliyembishia. Alikuja mkahawani na daftari, akakaa kwenye meza ya katikati, akaanza kuandika majina.

"Na mimi niandike," Ok-nyeo alisema.

Geum-hee hakuinua kichwa. "Wewe utatusubiri hapa na mabegi."

Ok-nyeo alikuwa amepata kiharusi mwaka juzi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuta na mdomo ulikuwa umevutika kidogo upande. Kabla ya hapo hakuna mpiga mbizi kijijini aliyeweza kukaa chini ya maji muda mrefu kama yeye, na ulimi wake ulikuwa mkali. Yeye ndiye aliyempa Geum-hee jina la Boga tulipokuwa darasa la nne. Jina hilo lilimganda mpaka siku ya harusi yake, maana Ok-nyeo alisimama mbele ya wakwe akasema, "Leo Boga limepata mnunuzi." Tulicheka sana siku ile. Hata bibi harusi alicheka, kwa kuwa angefanya nini?

"Nimefanya mazoezi tangu masika," Ok-nyeo alisema. "Kila asubuhi natembea juu ya ukuta wa bandari, kwenda na kurudi."

"Ukuta wa bandari ni tambarare, Mama Hye-rim," Geum-hee alisema kwa upole. "Jua halisubiri mtu. Tukichelewa kwa ajili yako, watu wametoka Seoul kuja kupiga picha ya mawingu?"

Bong-im, mwenzetu wa darasa ambaye hucheka chochote Geum-hee anachosema, akacheka.

"Basi nipime," Ok-nyeo alisema.

Tulikwenda kwenye jumba la kijiji, lenye ghorofa tatu. Geum-hee alimwambia apande na kushuka mara tano bila kupumzika, akawasha saa ya simu. Mimi na Bong-im tulikaa kwenye benchi tukimenya machenza. Ok-nyeo aliweka mkongojo ukutani akaanza. Safari ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya tatu alikuwa anavuta pumzi kwa mluzi ule wa wapiga mbizi wanapoibuka kutoka majini, na jasho lilikuwa limeloanisha mgongo wa blauzi yake. Ya tano alikuwa amebakiza vidato vichache Geum-hee aliposema, "Anza upya."

"Kwa nini?"

"Umeshika chuma."

"Ngazi za mlimani nazo zina chuma cha kushikia."

"Hapa tunapima miguu. Mikono yako tunaijua."

Ok-nyeo alinitazama mimi. Nilijua alichotaka niseme, tena lilikuwa neno dogo tu. Nilitia kipande cha chenza mdomoni.

Akaanza upya. Sijui ilichukua muda gani. Watu wa ofisi ya kijiji walitoka kuangalia, wakaona aibu, wakarudi ndani. Alipomaliza, mguu ulikuwa unatetemeka hata akashindwa kuutuliza kwa mikono miwili, lakini alikuwa amemaliza, na hakugusa chuma.

"Haya," Geum-hee alisema. Aliandika jina lake, akampa daftari alione kwa macho yake.

Siku mbili kabla ya safari Geum-hee alinikuta jikoni nikiosha mchele.

"Ujumbe wa saa utautuma wewe," alisema. "Wengine waambie saa kumi na moja na nusu, langoni. Huyu mwandikie peke yake. Mwambie saa moja na nusu. Saa ikitoka kwako hataihoji."

"Si umempitisha?"

"Nimempitisha ngazi za jumba la kijiji." Aliokota punje moja moja za mchele kwenye maji yangu kana kwamba anatafuta mawe. "Mama Jae-ung, unataka picha ya miaka sitini iwe na mkongojo katikati? Mimi nafanya hili kwa ajili ya wote. Akija atatukuta mezani, atakula uji, atafurahi. Au nimwambie Bong-im?"

Ningeweza kumwachia Bong-im, lakini nilikausha mikono nikaandika. Nataka kusema aliniogopesha, ila ukweli ni kwamba hata mimi sikutaka kupanda kwa mwendo wa Ok-nyeo, kidato kimoja baada ya kimoja, huku wenzangu wakiwa mbele wanacheka.

Asubuhi ilikuwa safi. Tulifika juu kabla ya jua, tukasimama ukingoni, kasoko likiwa chini yetu limejaa nyasi na bahari imelizunguka pande tatu. Du-ho wa Busan aliuliza, "Ok-nyeo yuko wapi? Mimi nilikuja kumwona yule." Geum-hee akajibu kwamba mguu ulimkatalia. Tukapiga picha.

Njia ya kushukia si ile ya kupandia, ndiyo maana hatukukutana. Tulikuwa kwenye bakuli la pili, uji wa konokono wa baharini bado unatoa moshi, nilipotazama dirishani nikamwona katikati ya ngazi, amevaa koti jekundu jipya. Alikuwa anapanda. Wageni walikuwa wakimpita pande zote mbili. Wengine mezani walifuata macho yangu, na vijiko vikatulia.

"Si mlisema mguu umemkatalia?" Du-ho aliuliza.

Hakuna aliyetoka kumfuata. Hata Du-ho. Tulikaa tukimtazama akipanda, akisimama, akipanda, mpaka tukampoteza kwenye mwamba.

Alishushwa karibu saa nne, mgongoni mwa mlinzi wa mlima, mguu mmoja hauna kiatu. Aliomba aletwe mkahawani. Mlinzi akamweka kwenye kiti mbele ya wote, naye akatoa simu mfukoni akanipa.

"Isome, Sun-deok. Kwa sauti, wasikie."

Nilisoma. Jina lake, langoni, saa moja na nusu.

Geum-hee aliweka kijiko chini. "Jamani, Mama Jae-ung," alisema kwa huruma. "Umekoseaje saa namna hiyo?"

Wote walinigeukia. Nikasema, "Nilikosea."

Ok-nyeo hakumtazama Geum-hee hata kidogo. "Miaka thelathini unafungua mlango huu saa kumi na moja kamili," aliniambia. "Sijawahi kukusikia umekosea saa."

Nilimletea bakuli la uji. Aliliacha likapoa, akamwomba Du-ho amwitie teksi.

Picha ya ukingoni ilichapishwa kubwa, na Geum-hee akanipa nakala niitundike mkahawani, na nikaitundika. Ok-nyeo bado anatembea ukuta wa bandari kila asubuhi. Tukikutana hunisalimu yeye kwanza, kwa lugha ya heshima tunayotumia kwa watu tusiowajua, na kichwa anainamisha. "Habari za asubuhi, bibi mwenye mkahawa," husema, kisha hunipisha njia.